Miezi minne na losheni ya jua: mkono wangu wa kushoto ndio shahidi

Nilianza kwa kuiba. Chupa ilikuwa ya mpwa wangu, binti ya dadangu, ambaye ana ualbino, na ilikuwa imesimama dirishani mwa bafu lao kule Zimmerman, Nairobi. Nikajimiminia kidogo kiganjani, nikajipaka usoni na mkononi, nikatoka nikinukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Dadangu akanidaka mlangoni.

"Hiyo si ya kupakwa na mwanamume mzima mwenye ngozi yake," akasema. "Hiyo kwa mtoto ni dawa. Kanunue yako."

Nikanunua yangu. Mpaka sasa nimejaribu aina tatu tofauti, na haya ndiyo niliyoyaona. Majina ya kampuni nayaacha. Kilichonifaa mimi ni kujua kusoma mgongo wa tyubu, na ukishajua hilo jina la mbele halina uzito mkubwa.

Kazi yangu ni kufundisha udereva. Mwanafunzi huketi kulia kwenye usukani, mimi kushoto, mguu juu ya breki ya pili, kiwiko dirishani. Nimekaa hivyo miaka 11, kuanzia Roysambu hadi Mwiki na kurudi. Nikiilaza mikono yangu miwili mezani utadhani mmoja nimeuazima kwa mtu. Wa kulia una rangi niliyozaliwa nayo. Wa kushoto umeungua, isipokuwa ukanda mmoja mwembamba pale ninapofunga saa. Mwaka jana shavu la kushoto nalo likaanza kutoa doa, kwanza dogo kama sarafu, kisha likatanuka likawa kama ramani ya kaunti. Kinyozi wangu aliniambia ni damu chafu. Jirani akanishauri krimu moja inayouzwa bila karatasi wala jina, "ya kung'arisha". Hiyo niliikataa, na nashukuru. Krimu za namna hiyo mara nyingi huwa na zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya, na kazi yake ni kukuondolea ile rangi inayokukinga na jua. Ni sawa na kung'oa bati kwa sababu lina kutu.

Nilikuwa na kosa moja la miaka: nikiona jua limechachamaa, napandisha kioo, nadhani nimejikinga. Kumbe kioo cha pembeni cha gari huzuia ile miale ya UVB, inayobabua ngozi, lakini sehemu kubwa ya UVA hupita, na hiyo ndiyo inayozeesha ngozi na kuamsha madoa. Kioo cha mbele kina afadhali kwa kuwa kimetengenezwa kwa tabaka mbili na plastiki katikati. Sasa mwalimu wa udereva anapigwa na kipi? Cha pembeni, kutwa nzima.

Daktari wa ngozi niliyemwendea (kliniki siitaji, foleni yake ilinila nusu siku) alilitazama shavu dakika moja hivi, akasema ni melasma, yaani madoa meusi ya ngozi, iliyochochewa na jua. Halafu akaniambia nivue viatu. Nikadhani nimesikia vibaya. Akazikagua nyayo zangu kwa kijitochi chenye kioo cha kukuza, akapita katikati ya vidole, akamalizia na kucha moja moja.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikulitarajia. Sisi wenye ngozi nyeusi hatupati saratani ya ngozi kwa wingi kama wazungu, kwa sababu melanini yetu, ile rangi ya ngozi, peke yake inakinga kiasi cha SPF 13 hivi, SPF ikiwa ni ile namba ya kinga ya jua inayoandikwa kwenye losheni. Lakini melanoma, ile saratani ya ngozi iliyo kali, ikitupata sisi mara nyingi hujitokeza nyayoni, viganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki na losheni haina kazi. Bob Marley yake ilikuwa chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, na Mei 1981 akafa akiwa na miaka 36. Daktari aliniambia nikiona mstari mweusi ukuchani unaozidi kupanuka, au doa la unyayoni linalobadilika umbo, au kidonda kinachokataa kupona, nisingoje mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo, nikamuuliza, losheni ya nini? Akanijibu bila kupamba: kwako ni ya madoa na ya kuchelewesha uzee wa ngozi, kwa mpwa wako ni ya uhai. Mtu asiye na melanini hana hata hiyo SPF 13 ya kuzaliwa nayo, na saratani kwake huanza kama kigaga tu sikioni, mdomoni au shingoni. Nilipofika nyumbani niliikumbuka ile chupa ya dirishani, nikaona haya.

Na jua la Nairobi lina ujanja wake. Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, karibu kabisa na ikweta, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya urujuanimno, ndiyo hizo UVA na UVB, huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kwenye kipimo cha miale hiyo cha Shirika la Afya Duniani, ikifika 3 unatakiwa ujikinge, na 11 kwenda juu ni kali kupindukia. Huku kwetu adhuhuri za Februari na Machi hufika huko. Lakini kwa sababu kuna baridi kidogo na mtu amevaa jaketi, hatuhisi. Mtu wa Mombasa hulikimbia jua kwa sababu linamchoma; sisi tunaliota.

Haya, losheni zenyewe.

Ya kwanza niliinunua kwenye kemisti ya Roysambu kwa shilingi 850, SPF 30, ya zinki. Inakinga, sina ubishi. Lakini niliingia garini nikiwa mweupe kama aliyetoka kusaga unga, na mwanafunzi wangu wa saa mbili asubuhi, mama mmoja mtu mzima, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, umeamka salama?" Haikupotea hata nilipoisugua. Nilivumilia siku nne.

Ya pili ni jeli isiyo na rangi, SPF 50, shilingi 1,600, nyepesi kama maji. Hii niliipenda wiki mbili nzima. Haiachi weupe, haina mafuta, hata mke wangu aliichovya. Shida yake ni jasho. Siku moja tuko kwenye mzunguko wa barabara, saa saba mchana, kijana yuko usukanini, matatu imetubana kulia, na losheni ikaniteremkia machoni. Iliwasha kama pilipili. Nikakanyaga breki ya pili kwa kukisia tu, macho yamefumba. Hatukugonga mtu, ila maneno ya kondakta yule siwezi kuyaandika. Kama kazi yako ni ya ofisini, jeli ya namna hii itakufaa sana. Kama unatoka jasho kwenye paji la uso, paka chini ya nyusi kushuka na juu weka kofia.

Ya tatu ndiyo niliyobaki nayo: SPF 50 yenye rangi ya udongo, shilingi 2,400. Niliichagua kwa sababu daktari alinieleza jambo ambalo muuzaji hakulijua. Kwa ngozi yetu madoa hayachochewi na miale ya urujuanimno peke yake, hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unayakoleza, na losheni isiyo na rangi karibu haiuzuii huo. Inayouzuia ni oksidi ya chuma, ndiyo inayoipa losheni ile rangi ya kahawia. Geuza tyubu utafute CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Zikiwemo, hiyo ndiyo. Mahali palipoandikwa PA, kipimo cha kinga dhidi ya UVA, alama za kujumlisha ziwe tatu au nne, au kuwe na UVA ndani ya duara. Na usiuziwe SPF 100 kwa bei ya kuruka: 30 huzuia asilimia 97 hivi ya UVB, 50 huzuia 98.

Kasoro zake: inachafua kola. Mashati yangu meupe ya kazi yote yana utando wa kahawia shingoni. Pia rangi zilizokuwepo dukani zilikuwa mbili, na zote zilitengenezwa na mtu ambaye hajawahi kumwona Mjaluo. Mimi inanikaa kwa sababu si mweusi sana. Rafiki yangu aliijaribu, akafanana na mtu aliyepaka vumbi. Bei hiyo, halafu nusu ya wateja hawamo!

Lakini hata hiyo nzuri haikufanya lolote mwezi wa kwanza, na sababu aliigundua mpwa wangu. Ana miaka 14, yuko shule ya bweni, na amekuwa akijipaka tangu alipokuwa mgongoni. Alikuja likizo akanitazama nikijipaka asubuhi.

"Mjomba," akasema, "mbona unanyunyiza kama chumvi?"

Akanikalisha. Mistari miwili ya losheni, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kutoka shinani hadi nchani: hiyo ndiyo ya uso na shingo, tena kwa kupaka mara moja. Masikio usiyasahau, na nyuma ya shingo. Dakika 15 kabla ya kutoka. Baada ya saa mbili unarudia, au mapema ukitoka jasho. Ile namba ya SPF kwenye tyubu inapimwa kwa kiasi hicho. Ukipaka robo yake unapata kinga ndogo mno, hata uwe umenunua ya bei gani. Kumbe mimi tyubu ya mililita 50 ilikuwa imenidumu wiki saba na ilikuwa bado nzito. Nilipoanza kupaka kama mpwa wangu ikaisha kwa siku 15, uso na shingo tu, mkono haumo.

Piga hesabu. Karibu shilingi 5,000 kwa mwezi, kwa mshahara wa mwalimu wa udereva. Hapo nikaenda kwa vijana wa bodaboda stejini, nikanunua ile mikono ya kitambaa wanayovaa ya kujikinga na jua, jozi shilingi 150. Mwezi wa pili sasa naifua Jumapili na Jumatano. Kitambaa hakihitaji kurudiwa kila baada ya saa mbili wala hakiwashi macho. Losheni naitunzia uso, na siku hizi naipaka asubuhi na saa sita kasoro, kabla ya masomo ya mchana. Ningekuwa na shilingi 500 tu, ningenunua mikono hiyo na pama la ukingo mpana, losheni ningeisahau.

Hayo ni yangu mimi mwenye melanini. Mpwa wangu hawezi kuchagua, anahitaji vyote. Losheni yake hutoka kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo huitoa bure kupitia hospitali za umma kwa wenye ualbino waliosajiliwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 9,729 nchini. Kama una mtoto au jirani ambaye hajasajiliwa, anzia kwenye ofisi ya baraza katika kaunti yako.

Matokeo? Doa la shavu limefifia, tuseme theluthi mbili zimebaki, na kingo zake zimelegea. Mkono wa kushoto bado haujafanana na wa kulia, ila ule ukanda wa saa unaanza kupotea. Nyota nne kwa losheni ya rangi. Ya tano nitaiweka siku watakapoleta rangi ya tatu.

Deni la dadangu nililipa kwa pama mbili, moja ya mpwa wangu ya kwenda nayo shule. Aliivaa, akajitazama kwenye kioo cha gari langu, kisha akanigeukia akanitazama sikio.

"La kushoto hujapaka, mjomba."