Deni la garanti: kwa jaji wa televisheni au kwa shefu wa avenyu?

Hapa Kadutu, Bukavu, watu hutazama kesi za Marekani kwenye simu na kusema: "Na sisi tungepata jaji kama huyu!" Hamu hiyo naielewa. Kipindi cha Judge Judy, kilichorushwa tangu 1996 hadi 2021, kilimaliza ugomvi wa kodi au wa gari lililogongwa kwa dakika chache tu.

Lakini ile haikuwa mahakama. Ulikuwa usuluhishi: pande mbili zilisaini mkataba, ziliacha kesi yao ya madai madogo, na pesa zilizoamuliwa, zisizozidi dola 5,000, zilitolewa na watengenezaji wa kipindi. Aliyeshindwa alirudi kwake mfuko haujaguswa.

Kwa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa wetu anayepatanisha majirani, hakuna wa kukulipia. Nilipohama, mwenye nyumba alikataa kunirudishia garanti ya miezi mitatu, yaani pesa ya dhamana niliyoweka nilipopanga. Tulikaa barazani kwa shefu kwenye viti vya plastiki, mvua ikipiga mabati hadi tukapaza sauti. Mke wa mwenye nyumba akaleta daftari, tukahesabu mwezi kwa mwezi, kidole kikifuata mistari. Zilikwenda jioni mbili. Mwenye nyumba alilipa kwa awamu tatu, pesa zake mwenyewe, na hadi leo tunasalimiana penye bomba la maji.

Ubaya upo: shefu anaweza kuwa shemeji wa mpinzani wako. Hapo usipoteze muda, nenda mahakama ya amani. Ila kwa jirani nitakayekutana naye kesho asubuhi, mimi nachagua baraza.