Matone au unga? Sukari mbadala kwenye mkandaa, chai ya maziwa na juisi ya ukwaju

Chai ya Unguja ni mtihani mgumu kwa sukari mbadala yoyote. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Vijiko vitatu kwenye kikombe cha mililita 200 ni gramu 12, yaani asilimia 6. Hapo ndipo bidhaa nyingi, za matone na za unga, zinapoumbuka. Utamu wake haupandi kama wa sukari. Kipimo cha kwanza kinakolea, cha pili kinaongeza kidogo, cha tatu hakileti utamu tena bali uchungu, pamoja na ule utamu unaogoma kutoka ulimini. Anayeonja kwa kipimo kidogo ndani ya maji atasema zote sawa. Anayeonja kwa kipimo chetu ataijua tofauti funda la pili.

Kabla ya kuuliza matone au unga, igeuze chupa. Jina la mbele, liwe limeandikwa kwa Kiarabu, Kituruki au Kifaransa, halikwambii kitu. Tafuta namba za E nyuma, alama za viambato vya vyakula: E950 ni asesulfami K, E951 aspatami, E952 saiklameti, E954 sakarini, E955 sukralosi, E960 stevia, E968 erithritoli. Bidhaa zilizofungwa kwa ajili ya soko la Marekani huandika majina badala ya namba. Chupa mbili za matone, moja ya E952 na E954 na nyingine ya E955, hazifanani ladha hata kidogo. Lakini unga wa E955 na matone ya E955, vikipimwa sawa kwenye chai ya maziwa, wengi hawatavitofautisha. Ulimi unaonja kilichomo, kisha ndiyo unaonja kilichokibeba.

Matone yanayopatikana kwa wingi ni ya saiklameti na sakarini, kumi kwa moja, na uwiano huo una sababu. Sakarini, iliyogunduliwa Baltimore mwaka 1879, ni tamu mara 300 hadi 400 kuliko sukari, lakini mwisho wake una uchungu na ladha ya bati, kama mtu aliyeulamba ufunguo. Saiklameti, ya mwaka 1937, ni tamu mara 30 hadi 50 tu, ila ladha yake laini. Zikiwa pamoja kila moja inamsitiri mwenzake. Zote mbili zinastahimili moto na hukaa majini muda mrefu bila kuharibika, ndiyo maana zinafaa kwa chupa. Aspatami ni nadra kuikuta kwenye matone, kwa sababu majini huvunjika taratibu na utamu ukapotea.

Chai ya mkandaa haina maziwa ya kuficha kitu, kwa hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha matone. Mchanganyiko wa saiklameti na sakarini unapita vizuri hadi kiasi cha vijiko viwili vya sukari. Ukizidi hapo, bati linatokeza. Tangawizi inalifunika, ndimu pia, lakini mkandaa mtupu hausamehe. Matone ya sukralosi ni masafi zaidi ila yana tabia moja ya kuudhi: utamu unachelewa kufika, kisha unakawia kuondoka. Funda la pili linakuta la kwanza bado lipo, na kikombe kinazidi kuwa kitamu kadiri unavyokunywa mpaka kinakinaisha. Dawa yake ni kutia robo pungufu ya kipimo kilichoandikwa. Kama chupa inasema matone 8 kwa kijiko, tia 6, kunywa nusu kikombe, ndipo uamue. Matone ya stevia yana ladha ya urukususu. Ndani ya mkandaa wenye iliki na mdalasini inajichanganya na viungo na haidhuru, ndani ya mkandaa mtupu unakunywa dawa ya kifua.

Wanaolalamika kwamba matone "leo matamu, kesho chapwa" mara nyingi wana kosa la mkono. Tone moja la kawaida ni kiasi cha mililita 0.05, yaani matone 20 kwa mililita, lakini chupa ikiinamishwa upande tone linabadilika ukubwa. Ishike wima, mdomo chini, ibonyeze polepole. Tone la kwanza likitoka na povu la hewa, lihesabu kwa hadhari. Usiishike juu ya kikombe kinachofuka moshi: mvuke unaingia mdomoni mwa chupa, matone yanakauka pale na kuganda, na asubuhi inayofuata tone la kwanza linateremka na ule ugando wote. Futa mdomo wa chupa kila ukimaliza. Ni jambo dogo, na nusu ya malalamiko yanaishia hapo.

Unga ni habari nyingine, kwa sababu kilicho kingi ndani ya pakiti si sukari mbadala. Pakiti ya gramu 1 ya sukralosi, inayolingana na vijiko viwili vya sukari, ina miligramu 12 tu za sukralosi yenyewe. Kilichobaki ni kijazo, kwa kawaida dekstrosi na maltodekstrini, zote za jamii ya wanga. Kijazo hiki hudharauliwa, lakini kinafanya kazi mbili. Kinaipa chai uzito kidogo mdomoni, na dekstrosi, ambayo ni sukari ya kweli, inaleta utamu mdogo wa haraka kabla sukralosi haijafika. Ndiyo sababu unga unaonekana "mviringo" zaidi kuliko matone ya sukralosi ile ile. Bei ya kazi hiyo wanailipa wenye maradhi ya sukari: kila pakiti ina karibu gramu 1 ya wanga. Pakiti moja si kitu, na sheria za lebo za Marekani zinaruhusu iandikwe sifuri kwa kuwa haifiki kalori 5. Mtu wa pakiti kumi kwa siku amekula karibu gramu 10. Matone hayana mzigo huo.

Kwenye chai ya maziwa, unga wa aspatami na asesulfami K ndio unaokaribia sukari kuliko vyote katika tathmini hii. Aspatami inaingia laini, asesulfami inatangulia haraka, na mafuta ya maziwa na iliki vinafuta uchungu unaobaki. Lakini aspatami haitaki moto mrefu. Penye uchachu kidogo inavumilia zaidi. Chai ya maziwa haina uchachu na ina joto, mahali pabaya kuliko pote kwake. Ukiutia birikani ikiwa inachemka, au ukiifunga chai iliyokwisha kutiwa kwenye chupa ya chai tangu alfajiri, saa nne asubuhi utakunywa chai chapwa na kulaumu kampuni. Chai na itoke jikoni bila sukari, kila mtu atie kikombeni mwake wakati wa kunywa. Hiyo pia inawaokoa walio nyumbani wasiolazimika kula sukari ya mgonjwa. Mwenye fenilketonuria, maradhi ya kuzaliwa nayo, asiiguse aspatami kabisa. Onyo hilo huwa limeandikwa kwenye pakiti.

Kuna unga wa kopo unaopimwa kijiko kwa kijiko na sukari. Huu umejazwa hewa: kikombe kizima cha kupimia kina gramu 25 hivi, cha sukari kina 200. Ukiushindilia kijikoni umeshavuruga kipimo. Ladha yake haina tofauti na ya pakiti, ila unyevu wa kwetu hauupendi. Masika yakiingia, kopo lililoachwa wazi jikoni linashika maji, unga unaganda vitonge, na kijiko cha vitonge ni kizito kuliko kijiko cha unga mkavu. Kopo lifungwe vizuri, kijiko kiwe kikavu, na ununue dogo. Kwa nyumba iliyo karibu na pwani, pakiti za moja moja zina faida kubwa kuliko kopo.

Unga wa stevia uliochanganywa na erithritoli unafanana na sukari kwa macho, chembechembe kabisa. Mdomoni una ubaridi kama wa pipi ya mnanaa, unaoshangaza ndani ya chai ya moto. Ukila nyingi kwa mara moja, tumbo linalalamika.

Vidonge tuviache; ni vizuri kwa mfukoni, ladha yake ni ile ile ya kilichomo.

Kwenye vinywaji baridi matone yanashinda bila mjadala. Unga unaelea juu ya juisi yenye barafu, unashikana vitonge, na chini ya bilauri kunabaki utamu uliolala. Ukwaju na bungo vina uchachu wa kutosha kuificha sakarini, kwa hiyo hapa matone ya bei ya chini yanafanya kazi sawa na ya ghali. Tatizo ni kipimo. Lita moja ya juisi ya ukwaju yenye gramu 100 za sukari ni sawa na vijiko 25. Kama chupa inasema matone 10 kwa kijiko, hayo ni matone 250, na hakuna atakayeyahesabu. Pima kwa kijiko: mililita 5 ni matone 100, sawa na gramu 40 za sukari, kwa hiyo gramu 100 zinataka mililita 12.5. Anza na kijiko kimoja na nusu, koroga, tia barafu, ndipo uonje. Baridi inapunguza utamu ulimini; aliyeonja juisi ikiwa na joto la jikoni atakuta si ile alipoitoa kwenye friji.

Jikoni, mambo yanabadilika, maana sukari haikuwepo kwa utamu peke yake. Kaimati na visheti vinataka shira, na shira ni sukari iliyopikwa ikawa nzito. Maji yenye sukralosi yatachemka mpaka yakauke na hayatashika. Usijaribu. Maandazi yanatoka, ila hamira inataka chakula cha haraka: acha kijiko kimoja cha sukari halisi kwenye unga wa nusu kilo, utamu uliobaki ulete kwa matone ndani ya tui, na utarajie rangi iliyofifia, kwa kuwa sukari ndiyo iliyokuwa ikiyapa wekundu. Tambi zinakubali vizuri: zikaange, zipike kwa tui na iliki, tia matone ukishazima moto. Unga wa sukralosi usiuweke kwenye sufuria kavu ya moto mkali. Mwaka 2019 taasisi ya Ujerumani ya tathmini ya hatari za vyakula, BfR, ilionya kwamba ikipita nyuzi 120 inaweza kutoa kemikali zenye klorini. Uji utiwe mwisho, kwa matone au unga, vyote sawa.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, tumia maji yale yale kwa vikombe vyote. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanaipa chai ladha yake, na utailaumu sakarini kwa kosa la kisima. Pika chai moja, gawa vikombe vitatu, kimoja kitiwe sukari ya kweli kiwe cha kupimia. Onja sukari kwanza, kisha aspatami, sukralosi mwisho, kwa sababu ladha yake inakaa. Kati ya kikombe na kikombe kula kipande cha mkate mkavu, sukutua, subiri dakika tatu. Wanaoonja mfululizo wanahukumu kikombe cha tatu kwa ladha ya cha pili.

Mipaka ya siku ipo, na kwa unywaji wetu saiklameti ndiyo ya kuangaliwa. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, imeweka miligramu 11 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Kwa mtu wa kilo 60 ni 660. Kwenye mchanganyiko wa kumi kwa moja, kipimo cha kijiko kimoja cha sukari hubeba kiasi cha miligramu 40. Vikombe vitano vya vijiko vitatu ni 600: umeshafika ukingoni. Mtoto wa kilo 20 mpaka wake ni 220, na juisi ya matone bilauri mbili inaukaribia au kuupita. Aspatami ina nafasi zaidi, miligramu 40 kwa kilo, mpaka ambao kamati hiyo iliuacha palepale Julai 2023. Na anayezinunua sukari hizi mbadala kwa nia ya kupungua mwili ajue kwamba mwezi Mei mwaka huo huo WHO ilishauri zisitegemewe kwa kazi hiyo. Ushauri huo haukuwahusu walio tayari na kisukari.

Dukani, usilinganishe bei ya chupa na bei ya boksi. Linganisha bei ya kijiko. Chupa ya mililita 100 yenye matone 10 kwa kijiko ni matone 2,000, vijiko 200. Boksi la pakiti 50, kila moja vijiko viwili, ni vijiko 100. Kwa hiyo chupa hiyo ikiuzwa chini ya bei ya maboksi mawili, ndiyo rahisi. Angalia pia tarehe, na lebo ya chupa kama inataja idadi ya matone kwa kijiko. Isipotaja, irudishe rafuni: utatumia wiki nzima na chai mbaya kuitafuta idadi hiyo mwenyewe. Kwa nyumba yenye kopo la mkandaa na mtungi wa juisi, chupa moja ya sukralosi inatosha. Kwa wapenda maziwa, boksi la aspatami. Kahawa ya baraza haihitaji chochote, huwa chungu tangu hapo. Kesi iko kwenye kashata iliyo pembeni yake.