Marangu au Machame: hesabu usiku wa kulala, si ukali wa njia

Mlimani Kilimanjaro, Marangu huitwa Njia ya Coca-Cola na Machame huitwa Whiskey, maana yake ya kwanza ni laini na ya pili ni kali. Wengi huchukua Marangu kwa sababu hiyo, kisha wanalemewa na kichwa, kutapika na kukosa usingizi, huku miguu ingali na nguvu.

Tatizo liko kwenye hesabu ya Marangu ya siku 5. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, kama 4,720. Ni mita 1,000 kila siku, mara mbili mfululizo, na karibu saa sita usiku huohuo unaamshwa kupanda mita nyingine 1,200 hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mwili haujapata muda wa kuzoea hewa nyepesi. Ratiba hiyo hatumshauri mtu yeyote, hata mkimbiaji. Mwenye pumzi nzuri ndiye hukazana, akafika Kibo mapema na kuumwa mapema.

Ongeza usiku mmoja Horombo na Marangu inabadilika. Siku hiyo ya ziada panda hadi Zebra Rocks, kama mita 4,000, kisha urudi kulala palepale. Hapo njia hii inastahili sifa zake: mteremko wa taratibu, na vibanda vyenye vitanda na magodoro. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, kulala chini ya paa kavu ni faida kubwa. Kasoro yake ni kwamba unashuka ulikopandia, na kutoka Kibo hadi Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, ni kona za changarawe zinazoteleza. Ukifika Gilman's bado una mita 200 na zaidi kwenda juu, na wengi hugeukia hapo.

Machame inachosha kweli. Siku ya kwanza ni msitu mrefu wenye tope, na unalala hemani njia nzima. Lakini umbo lake linausaidia mwili: unapanda Lava Tower, mita 4,600 na kidogo, unakula chakula cha mchana, kisha unashuka kulala Barranco, 3,900 na zaidi. Kichwa kikiuma kidogo pale juu na kutulia ukishashuka, zoezi limefanya kazi. Kisipotulia, mwambie mwongozaji usiku huohuo, usingoje Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele.

Ukuta wa Barranco unaotisha kwenye picha una urefu wa kama mita 250. Kamba haihitajiki, mikono inahitajika: funga fimbo kwenye begi kabla ya kuanza. Foleni ndiyo hula muda. Mpagazi akija nyuma yako, simama upande wa mwamba, umwachie upande wa nje. Yeye ana mzigo na amezoea, wewe hujazoea.

Kibo na Barafu hazina maji. Hubebwa kutoka chini. Kwa usiku wa kilele chukua lita 3, chupa ukiigeuza mdomo chini, kwa kuwa barafu huanzia juu. Mrija wa kunyonyea huganda kwanza, kwa hiyo usiutegemee. Na ukiwa na magoti mabovu, jua kwamba Machame hukushusha kutoka Uhuru hadi kambi ya Mweka, karibu mita 2,800, kwa siku moja.

Asiyependa hema, au anayepanda wakati wa mvua, achukue Marangu ya siku 6. Wengine wote, Machame ya siku 7. Umbwe, njia nyingine inayofika Barranco siku ya pili tu, tunamwachia aliyekwisha kuzoea mwinuko.

Ada za hifadhi huhesabiwa kwa siku, ndiyo maana ratiba fupi huonekana nafuu. Kabla ya kulipa, omba uandikiwe kituo cha kila usiku. Usiku wa tatu ukisomeka Kibo, hiyo ni Marangu ya siku 5. Wa nne ukisomeka Barafu badala ya Karanga, kambi iliyo kabla yake, Machame yako imepunguzwa siku.