Uzoefu wangu na CogTool: nimeipima apu ya mizani ya dagaa kabla sijaiandika

Niko Mwanza, natengeneza programu ndogo ndogo za biashara. Mwaka huu mama mmoja anayenunua dagaa pale Mwaloni Kirumba aliniomba nimtengenezee apu ya karani wake wa mizani, maana daftari lilikuwa linamletea kesi kila jioni, huyu anasema magunia kumi yule anasema tisa. Nikamchorea skrini nikampelekea, akaangalia weee akasema, "Mwanangu ni nzuri, ila huyu kijana wangu atachelewa, watu wa mizani hawasubiri." Sikuwa na jibu la kumpa, ningesema nini, haitachelewa mama niamini? Ndo nikaishusha CogTool.

Kwa asiyeijua, ni programu ya bure ya kompyuta, ilitoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani chini ya Bonnie John. Unaingiza picha za skrini zako, unaonyesha hapa kitufe, hapa sehemu ya kuandika, ukigusa hiki unaenda skrini ile, halafu unaifanya kazi yenyewe hatua kwa hatua kama vile wewe ndo karani, na inakutolea makadirio ya sekunde ambazo mtu aliyezoea atatumia. Hapo hujaandika hata mstari mmoja wa programu. Na ukishaishusha haikuli bando.

Kilichonifungua macho ni hesabu iliyo chini yake. Card, Moran na Newell mwaka 1980 waliigawa kazi ya mtu kwenye kompyuta vipande vipande: kubonyeza kitufe cha kibodi wastani sekunde 0.28, kuhamisha mkono kutoka kibodi kwenda mausi 0.4, kulenga kitu kwa mausi 1.1, na ile kutulia kuwaza kabla ya kutenda 1.35. Yaani kuwaza mara moja ni karibu sawa na kubonyeza mara tano! Mimi miaka yote nilikuwa nahangaika kupunguza vibonyezo, kumbe kila nikimwekea mtu orodha ya kufungua na kuchagua namlazimisha asimame awaze. CogTool inazipachika hizo sehemu za kuwaza yenyewe, na kuna chaguo la skrini ya kugusa kwahiyo hujafungwa na mausi.

Mchoro wangu wa kwanza ulitoa kama sekunde 21 kwa gunia moja. Nikaitoa orodha ya aina ya dagaa nikaweka vitufe vikubwa, nikaiunganisha skrini hiyo na ya kuhakiki ikawa moja, ikashuka mpaka 13. Sekunde 8 unaweza ukaona ni ndogo ila asubuhi ya magunia 150 hizo ni dakika 20, na mama alivyosikia dakika 20 alielewa palepale.

Sasa mpaka wake ujue mapema. Inakadiria mtu aliyezoea asiyekosea, basi. Kijana mgeni haimjui, na huyu karani wa mama asubuhi ya kwanza ya kuijaribu apu alitumia karibu mara tatu ya makadirio, tena anabonyeza huku ameshika kalamu. Kwahiyo usije ukamwambia mteja sekunde 13 ukadhani ni kuanzia siku ya kwanza.

Nikakaa mwaloni asubuhi mbili na saa ya simu, na hapo nikaona kitu ambacho peke yangu mezani nisingekiona. Wabebaji wakiwa wanainua gunia kuliweka kwenye mizani karani hana kazi, anaangalia tu. Nikakumbuka ile kazi ya waendeshaji simu wa kampuni ya NYNEX huko Marekani, matokeo yake yalitolewa 1993: mtambo mpya ulitarajiwa kuwa wa haraka, watafiti wakatumia modeli ya aina hiihii wakasema utachelewesha, na kweli kwenye majaribio ukachelewesha kama asilimia 4, kwasababu ulipunguza vibonyezo vya wakati ambao hakuna anayevisubiri ukaongeza pale ambapo kila mtu anasubiri. Basi nikalihamisha jina la muuzaji, karani analiingiza jina hilo wakati gunia bado liko mabegani mwa watu, uzito ukisomwa anabakiza namba na kitufe kimoja. Jumla ya kazi yake haijapungua hata kidogo lakini foleni ya mizani imepungua na mama mwenyewe kaiona.

Kwa anayetengeneza programu za kazi ya kujirudia, wakala wa pesa, kaunta ya duka la dawa, geti la basi, itumie kabisa. Kama apu yako mtu anaifungua mara moja kwa mwezi sioni itakusaidia nini, huyo kila siku ni mgeni.

Faili zangu za skrini za mizani ninazo, anayefanya kitu kama hiki aseme nimpe aanzie hapo. Mimi naingia kwenye skrini ya malipo, mama anataka iwe tayari kabla giza la mwezi ujao halijaingia, dagaa wakianza kushuka hakuna wa kukaa kufundishwa.