Pete ya Ouroborosi ya fedha: mdomo safi, weusi wa kutunzwa

Pete za nyoka anayemeza mkia wake ziko tele mtandaoni, na nyingi zimekosewa palepale penye maana: mdomoni. Hii ya fedha ya 925 (yaani asilimia 92.5 ni fedha halisi), yenye upana wa milimita 8, imepatia. Taya la chini limelehemiwa kwenye mkia na duara limefungwa. Zile za wazi, ambazo kichwa na mkia vinapishana tu, hutanuka zikaenea kidole chochote, lakini nyoka wake hamezi kitu. Kwa wanaalkemia, watu wa kale waliojaribu kugeuza metali kuwa dhahabu, duara hilo lilibeba picha ya kazi inayojirudia ndani ya chupa iliyozibwa: mvuke unapanda, unapoa, unadondoka, unachemshwa tena. Chupa ikivuja, kazi imeharibika.

Kagua kiungo hicho kwa uzi wa kushonea. Upitishe kwenye taya. Ukinasa, lehemu haikujaa, na pete itakwaruza nguo hadi ifunguke.

Nusu ya mwili imetiwa weusi, kama kwenye mchoro wa Kleopatra mwanaalkemia (si yule malkia) uliomo katika hati ya Kigiriki iliyohifadhiwa Venice: nyoka nusu mweusi, nusu mweupe, na katikati maneno yenye maana ya “vyote ni kimoja”. Chaguo zuri sana. Ila weusi huo si rangi wala enameli. Ni utando mwembamba wa fedha iliyoshikana na salfa. Ile njia maarufu ya kung'arisha fedha kwa karatasi ya alumini, chumvi, magadi ya kuokea na maji moto huivuta salfa hiyo ikaenda kwenye alumini. Dakika chache tu, nyoka amebaki mweupe mzima. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha sugua nusu nyeupe peke yake kwa kitambaa laini. Ivue kabla ya kushika JIK. Weusi ukififia upande wa kiganja, sonara anaweza kuurudisha.

Saizi haina msamaha: ukiikata kuipanua, magamba hayakutani tena. Zungushia kidole ukanda wa karatasi jioni, pima milimita, ongeza 1 kwa ajili ya upana, kisha gawa kwa 3.14 upate kipenyo cha ndani.

Kadi ya kwenye boksi inayoiita alama ya udaktari ipuuzwe. Alama ya udaktari ni fimbo ya Asklepio, mungu wa tiba wa Wagiriki wa kale, yenye nyoka mmoja aliyejiviringisha juu yake.