Msaada wa kisheria wa bure kwa wanawake: tulichopata na tulichokosa

Nianze na alama, maana najua wengi mnashuka chini moja kwa moja kuitafuta: nne kati ya tano kwa kituo cha msaada wa kisheria tulichokwenda. Ningekuwa napima foleni na simu zao tu, ningewapa mbili na kelele juu. Lakini kwa kazi yenyewe ya sheria, sijaona ofisi ya kulipia iliyomsikiliza mtu kama hawa walivyomsikiliza mama mdogo wangu.

Kituo chenyewe sikitaji. Dar es Salaam viko kadhaa vya namna hii, utaratibu wao hautofautiani sana, na baadhi ya mambo nitakayolalamikia sitaki yamwangukie mfanyakazi mmoja ambaye bosi wake anajua kusoma.

Shida yetu ilikuwa hivi. Mama mdogo aliolewa kiislamu, wakakaa miaka ishirini na ushee, wakajenga Gongo la Mboto. Siku moja mume akaandika talaka, akaituma kwa mkono wa shemeji. Wifi akaja na tafsiri yake: ukimaliza eda urudi kwenu, nyumba ni ya mwanaume, leseni ya makazi ina jina lake. Kabla eda haijaisha, dalali akaanza kuleta watu kuangalia vyumba. Wakili mmoja tuliyeelekezwa alitaka laki tano mezani kabla hajafungua hata faili. Mama mdogo ni mama lishe. Laki tano ni mtaji wake wote na sufuria juu.

Pale kituoni unaandikwa kwenye daftari, unapewa namba, unakaa kwenye benchi. Mara ya kwanza tulirudishwa kwa kukosa barua ya serikali ya mtaa inayosema anaishi wapi na anafanya kazi gani. Wana sababu: kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma hii ni ya wasio na uwezo, na lazima kuwe na kitu cha kuonyesha hivyo. Sawa. Lakini jambo hilo lingeweza kubandikwa getini kwa herufi kubwa, watu wasipoteze nauli. Ukutani kuna mabango chungu nzima ya siku kumi na sita za uanaharakati dhidi ya ukatili wa kijinsia, ya miaka tofauti, na hakuna hata moja linalosema uje na nini.

Benchi lenyewe ni darasa. Pembeni yetu alikaa mama wa Kagera ambaye kaka zake wamemkatalia shamba la marehemu baba yao, eti mwanamke hagusi ardhi ya ukoo. Msaidizi wa kisheria aliyekuwa anapita na fomu akamsimulia papo hapo habari ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi, mpwa wake akampinga, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mila isiyompa mwanamke haki sawa ya kuuza haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Mama akauliza, “Sasa mbona kijijini hawajaambiwa?” Benchi zima likacheka. Lakini swali lake ni la msingi, kwa sababu kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, zinazomweka mjane na binti nyuma katika mirathi ya ardhi, bado zinatajwa kwenye vikao vya ukoo kana kwamba ni msahafu.

Zamu yetu ikafika. Mwanasheria ni binti, nadhani hajafika thelathini. Akasimama, “Shikamoo mama,” akamvutia kiti, akafunga mlango. Mama mdogo akaanzia pale anapoanzia siku zote: mke mdogo wa Chanika, meseji alizozikuta kwenye simu, wifi anayejifanya mwenyekiti wa ukoo. Binti akamwacha aseme yote, kalamu iko mezani. Alipotulia ndipo akaichukua.

“Mama, nyumba mlianza kujenga mwaka gani?”

“Msingi tuliuweka 2006.”

“Kiwanja alinunua nani?”

“Yeye.”

“Mabati?”

Mama mdogo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. “Mabati ni ya kwangu mimi. Nilikopa kikoba.”

“Una kitu kinachoonyesha?”

Anacho. Kauntabuku la kikoba lilikuwa chini ya kanga zake kwenye sanduku, na ndani yake, kwa mwandiko wa katibu wao: jina lake, mkopo, tarehe, na neno moja pembeni, “bati”. Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, mabati nayauza kila siku, na sikuwahi kufikiria kwamba neno kama hilo ni ushahidi. Binti akataka pia risiti za saruji na nondo, akataka jina la fundi aliyepaua, akataka jirani aliyemwona mama mdogo akiwapikia mafundi. Yale ya mke mdogo na meseji akayaandika mstari mmoja tu. “Hayo ni ya talaka, mama. Nyumba tunaidai kwa bati.”

Hapo ndipo nilipoona thamani ya ofisi hii. Anachokifanya mwanasheria mzuri wa msaada wa kisheria ni kuchukua hasira ya miaka na kuipanga kwa tarehe, kiasi na shahidi, mpaka hakimu aliyechoka aisome kwa dakika tano na aelewe.

Upande wa mume, wao walikuwa na hoja yao kubwa: sisi ni Waislamu, mke akiachwa hana mgawo. Binti akatueleza kwamba kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, bila kuuliza ndoa ilifungwa msikitini, kanisani au bomani. Akatutajia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Nao walikuwa Waislamu, wameachana kwa talaka. Nilichompendea binti huyu ni kwamba hakuishia patamu. Akatuambia na upande wa pili: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona fungu lake alishalipata katika fedha alizopewa na mume kwa ajili ya mradi wa familia, naye akazitumia vibaya. Na akasema wazi kwamba sheria hailazimishi nusu kwa nusu. Wanaharakati wa redioni wangekuwa wanalisema hilo pia, wanawake wasingefika mahakamani na hesabu za kichwani.

Jambo la pili ambalo hatukulijua kabisa: ile talaka ya karatasi haikutosha. Mahakama hugawa mali pale inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, na ili ufike huko lazima kwanza shauri lipite Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kwa sisi lilikuwa la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa Fomu Namba 3, na bila karatasi hiyo kesi yako inaweza kufutwa hata ukiwa umefika kwenye rufaa. Kuna mazingira ambayo sheria inaruhusu kuliruka Baraza, mfano mwenzi amekutoroka na hajulikani alipo, lakini sisi wetu tulijua alipo, hata namba ya nyumba ya Chanika tulikuwa nayo.

Wakati hayo yakisubiri, binti akaandika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa: kwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo ofisi isigonge muhuri kwenye mauziano yoyote. Wanaojua viwanja vya uswahilini wanaelewa: bila muhuri wa mtaa, mnunuzi mwenye akili anaondoka. Dalali hatukumwona tena. Hata kama wasingetufanyia kingine, barua hiyo peke yake ilitosha kunirudisha kuandika haya.

Sasa lawama.

Kwanza, hawakupi wakili wa kusimama nawe mahakamani, isipokuwa kesi chache wanazozichagua wenyewe. Wanakuandalia nyaraka na kukufundisha ujisimamie. Mama mdogo alifanyishwa mazoezi pale ofisini, binti akiigiza hakimu: usimjibu mume, mjibu mheshimiwa, ukiulizwa tarehe toa tarehe, usitoe historia. Kwake ilimfaa. Ni mtu wa sokoni, mdomo anao, na siku ya ushahidi alilifungua kauntabuku lake kama karani. Lakini nilimwona pale kwenye benchi dada mmoja mwenye jicho lililovimba ambaye hata jina lake alilitaja kwa kunong’ona. Mtu kama yule kumwambia akamhoji mwenyewe mwanaume aliyempiga ni kumtwisha mzigo mara mbili. Kwa kesi za vipigo wakili angekuwa lazima, hata kama ni wawili tu kwa ofisi nzima.

Pili, wanapenda mno usuluhishi. Kwa matunzo ya mtoto nakubali. Mwanaume akiitwa kwa barua yenye nembo huja amevaa shati la Ijumaa na hutoa ahadi ambayo mtaani asingeitoa. Lakini kifungu cha 66 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Aliyepigwa anatakiwa aelekezwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, apate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, akatibiwe. Kumpangia kikao cha chai na aliyempiga sioni maana yake.

Tatu, na hili ndilo lililokula ile nyota ya tano: katikati ya safari binti yetu aliondoka. Mradi umeisha, tukaambiwa. Aliyelipokea faili akaanza upya, “Mama, hebu nieleze tatizo lako,” na mama mdogo akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemfukuza binti. Faili lilikuwepo, limeandikwa vizuri, halikuwa limesomwa. Mashirika haya yanaishi kwa fedha za wafadhili na nalielewa hilo, lakini kesi ya ndoa haifuati kalenda ya mfadhili. Simu zao nazo zinaita mpaka zinakata. Nenda mwenyewe.

Mahakama ya Mwanzo ilimpa mama mdogo asilimia 40 ya thamani ya nyumba. Mume amekata rufaa Mahakama ya Wilaya, na mwanasheria mpya, baada ya kusoma faili hatimaye, ameandika majibu ya rufaa ambayo siyo mabaya hata kidogo.

Kwa mnaotafuta pa kuanzia, msichanganye majina. TGNP, wale wa Mabibo walioanza 1993, kazi yao kubwa ni uanaharakati na uchambuzi wa bajeti na sera kwa jicho la jinsia. Ukienda na kesi ya nyumba watakuelekeza kwingine. TAMWA ni chama cha wanahabari wanawake, tangu 1987. Nguvu yao ni kalamu na kampeni. Wanaokaa na karatasi zako mezani ni WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Mwaka 2023 ilianzishwa pia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, ya kuzunguka mikoani kwa ajili ya walio mbali na ofisi za mjini. Zanzibar ni habari nyingine: Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki huko, kuna Mahakama ya Kadhi, na wanasheria wanawake wa huko wana chama chao, ZAFELA.

Ukienda, beba barua ya serikali ya mtaa, cheti cha ndoa au jina la shehe na mashahidi, talaka kama ipo, na kila karatasi yenye tarehe hata kama unaiona ya kijinga. Fotokopi piga mtaani kwako. Jirani na ofisi hizi wanakata shilingi 200 kwa ukurasa na wanajua huna pa kwenda. Na risiti za vifaa vya ujenzi zipigeni picha leo. Nawaambia kama karani: zile nakala za kaboni tunazowapa dukani zinafifia, baada ya miaka michache hata sisi wenyewe hatuwezi kuzisoma. Jina la mnunuzi nalo mdai liandikwe lako. Wengi mnaacha tuandike “Baba Fulani” wakati hela imetoka kwenye kanga ya mama Fulani.