Soko letu la ghorofa, miaka kadhaa baada ya utepe kukatwa

Masoko ya serikali husifiwa siku moja tu, siku ya kukata utepe. Siku hiyo taa zote huwaka, maji hutoka kila bomba, na mgeni rasmi hupandishwa ghorofani kuonyeshwa meza ambazo bado hazijaguswa na nyanya. Nimeona niandike juu ya soko letu katika umri wake wa sasa, kuta za ngazi zikiwa zimeshapata ule weusi wa mabega ya wapagazi, kwa sababu huu ndio umri ambao mteja analikuta na mfanyabiashara anaamua alipie meza au aende zake barabarani.

Mji sitautaja. Wanaohusika ni majirani zangu, wengine tunaswali msikiti mmoja, na ninachotaka ni jengo litunzwe, si mtu afukuzwe. Itoshe kusema ni mji wa Uganda ambao mchuuzi na mteja wakikosa lugha ya mama inayowaunganisha wanapatana bei kwa Kiswahili. Serikali imejenga masoko makubwa ya kisasa katika miji mingi, hasa kwa MATIP, mpango wa kuboresha masoko na biashara ya mazao chini ya Wizara ya Serikali za Mitaa, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika: Wandegeya, Jinja, Mbale, Lira, Gulu, Hoima, Mpanga kule Fort Portal, na mengine yakafuata. Letu ni dogo kuliko hayo, lakini nalo ni mali ya umma, na linaendeshwa na halmashauri. Mimi nilistaafu jeshini, kikosi cha uhandisi, na sasa nauza vifaa vya ujenzi katika chumba cha chini: misumari, koki, mabomba ya plastiki, gundi. Ndiyo maana karibu kila kinachovunjika humu ndani hupita mezani kwangu kabla ya kufika ofisini.

Nianze na jengo lenyewe, maana linastahili sifa. Aliyelichora alijua jua na mvua ya kwetu. Paa limetokeza nje vya kutosha, mvua ya upepo haizifikii meza za ndani. Chini ya paa, kuzunguka ghorofa yote, kuna safu ya matofali ya matundu, hewa ya moto inatokea huko, na saa nane mchana unaweza kuchagua nguo za mitumba juu bila kulowa jasho. Hii si elimu ya jana nchini mwetu. Makumbusho ya Uganda pale Kampala, barabara ya Kira, yaliyofunguliwa 1954, yalichorwa na Mjerumani Ernst May kwa kutegemea hewa ya kawaida, na nikiingia humo huwa natazama juu kabla ya kutazama ngoma na mikuki. Jengo la serikali lisilotegemea mashine lina nafasi nzuri ya kuzeeka salama, kwa kuwa mashine ndiyo ya kwanza kukosa spea na fedha ya kuitengeneza.

Sakafu ni terazo, na haijapasuka. Ngazi ni pana, watu wawili wenye magunia kichwani wanapishana. Kuna njia ya mteremko ya kupandia kwa kiti cha magurudumu, kama inavyotakiwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, na imejengwa vizuri, si ile ya kukwea kama mlima. Ila bodaboda huegesha pale inapoanzia. Askari wa lango anawaondoa asubuhi, mchana wamerudi.

Sasa tupande paani, kwa sababu afya ya jengo lolote inaanzia huko.

Paa letu lina miteremko miwili inayokutana katikati, na pale katikati pana mfereji mrefu unaopeleka maji kwenye mabomba yaliyofichwa ndani ya nguzo. Kwa mchoraji ni jambo zuri, nje hapaonekani bomba hata moja. Kwa anayelitunza jengo ni kazi isiyo na likizo, kwa sababu mfereji wa katikati ukiziba maji hayana pa kumwagikia ila ndani. Na mfereji wetu unazibwa na kaloli. Wale ndege wakubwa wa jalalani wanapenda paa letu kwa sababu ya machinjio yaliyo nyuma. Wanapandisha mifupa, vijiti, vipande vya buveera, yaani mifuko ya plastiki, wanakula huko juu na kuacha mabaki. Kinyesi chao kinachubua rangi ya mabati. Mvua ya kwanza ya Machi inasukuma takataka zote hadi kwenye mdomo wa bomba, na hapo ndipo zinapokaa.

Nilipanda mwenyewe na vijana wawili, mwenyekiti wa wachuuzi akituazima ngazi. Kwenye mdomo wa bomba la nguzo ya tatu tulitoa tope jeusi lililoshikana na manyoya, na chini yake kandambili ya mtoto. Mdomo ule haukuwa na kikapu cha waya cha kuzuia takataka. Nilitazama midomo mingine, yote ilikuwa hivyo hivyo. Ama vikapu havikuwekwa, ama viliwekwa vikatolewa na mtu aliyechoka kuvisafisha. Kikapu kimoja cha waya fundi wa vyuma hapa nyuma anakitengeneza kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa kukosa hicho, maji yaliingia kwenye matundu ya misumari ya mabati, yakateremka ukutani, yakafika kwenye magunia ya unga wa muhogo wa mama mmoja wa ghorofani. Unga uliota ukungu. Halmashauri ilileta rangi, ikapaka juu ya doa. Mvua ya Septemba doa likarudi, safari hii na plasta ikaanza kubanduka.

Jambo hilo linaniuma kuliko yote. Rangi inapatikana upesi kwa sababu inaonekana. Vijana wawili, ngazi, gunia na asubuhi moja kabla ya kila msimu wa mvua, hilo halina fungu katika bajeti yoyote niliyowahi kuonyeshwa.

Kwa upande wa samaki nina habari njema. Nenda ukaone mwenyewe. Sakafu imelazwa kuelekea mfereji uliofunikwa kwa wavu wa chuma, na mfereji unaingia kwenye chemba yenye chujio. Hajati, muuza mukene, yaani dagaa, na sangara, ndiye mkuu wa safu ile kwa umri na kwa heshima. Kila jioni baada ya kufunga meza yake anainua wavu kwa ndoano, anakunja mkono wa gauni, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kutoa magamba, matumbo na karatasi. Anayatia kwenye ndoo, anamwaga maji ya moto yenye sabuni, anarudisha wavu na kuukanyaga mpaka ukae sawa. Hakuna anayemlipa. Nilimwuliza kwa nini asiwaachie wafagiaji wa halmashauri.

"Afande," akaniambia, "mteja akisikia harufu hasemi mfagiaji hakuja. Anasema samaki wa Hajati wameoza."

Ndiyo sababu sehemu ya samaki, ambayo ungetegemea iwe mbaya kuliko zote, ni safi kuliko sehemu ya matunda. Wageni wanaisifu halmashauri kwa usafi ule. Sifa ni za Hajati na wenzake.

Vyoo ni vya kulipia, na nilivikuta safi mara nyingi kuliko vichafu. Tatizo ni mabomba. Mkandarasi alifunga koki za kubonyeza, zile zinazojifunga zenyewe ili maji yasipotee. Wazo zuri, lakini spea zake hazipatikani mjini kwetu wala mji wa jirani. Ilipokufa ya kwanza, ofisi iliandika barua. Ilipokufa ya nne, mtu wa vyooni alikuja kwangu akanunua koki za kawaida kwa fedha ya makusanyo ya siku na kuzifunga mwenyewe. Zinafanya kazi. Kama kuna mhandisi wa serikali anayesoma hapa, namwomba: kabla ya kuandika aina ya koki kwenye zabuni, tembea maduka matatu ya mji huo uulize kama wanaiuza.

Nimefuatilia kwa nini koki ya bei ndogo ilihitaji barua. Kila mchuuzi analipa ushuru, na fedha hizo si kidogo zikijumlishwa. Lakini kwa utaratibu wa wakati ule mapato ya halmashauri hayakubaki pale yalipokusanywa. Yalipitia kwanza Mfuko Mkuu wa Hazina, kisha yakarudi kwa mafungu ya bajeti, robo kwa robo. Nia yake naielewa, ilikuwa kuzuia fedha za umma zisiliwe mifukoni, na nimeishi vya kutosha kujua zilivyokuwa zikiliwa. Ila kwa jengo maana yake ilikuwa hii: bomba likipasuka mwezi wa Mei, fungu la matengenezo limeshakwisha, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na mwaka mpya ukianza Julai fedha bado ziko njiani. Maji hayasubiri robo ya mwaka. Bomba la nyuma ya machinjio lilivuja kipindi hicho chote, na ankara ya maji iliyokuja ingenunua mabomba mapya ya ukuta mzima.

Lilipopasuka, hakuna aliyejua koki kuu ya upande ule iko wapi. Michoro ya jengo jinsi lilivyojengwa ilikabidhiwa siku ya makabidhiano, naamini, kwa kuwa ndivyo kazi za serikali zinavyokabidhiwa. Sasa hakuna anayejua iko kabati gani. Tulichimba pembeni mwa ukuta kwa kubahatisha. Tulipoipata koki, chini ya kifuniko cha zege kilichofukiwa na kokoto, niliandika kwa rangi nyekundu ukutani: KOKI KUU, na mshale. Bado upo.

Kuhusu moto sitapunguza maneno. Soko la Owino, yaani St. Balikuddembe, liliungua 2009 na tena 2011, na tuliona watu wazima wakilia barabarani. Soko letu ni la zege, si la mbao, na lina mpira wa zimamoto kila ghorofa ndani ya sanduku jekundu. Masanduku yamefungwa kwa kufuli. Niliambiwa ni kwa sababu midomo ya shaba ya mipira iliibwa mwanzoni. Funguo ziko ofisini, na ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni, wakati majiko ya chipsi ghorofa ya chini ndiyo kwanza yanawashwa. Mitungi ya kuzimia moto ina kadi za ukaguzi, na tarehe ya mwisho kwenye kadi imepita zamani. Hili la kufuli linaweza kurekebishwa leo: askari wa usiku apewe funguo, aandikiwe jina lake kwenye daftari la kukabidhiana zamu.

Umeme uko vizuri. Kila chumba kina yaka yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, unanunua unachotumia, hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye taa za ngazi na pampu ya tangi, ambazo ni za wote, na yaka ya wote ikiisha jioni ngazi inakuwa giza hadi mwenyekiti apitishe kopo la michango.

Ningeulizwa soko hili linakosa nini, nisingesema jengo jipya wala ghorofa ya tatu iliyoahidiwa. Linakosa fundi mmoja. Mtu wa kuajiriwa, mwenye funguo zote, ngazi, daftari la kuandika kila kilichoharibika na tarehe kilipotengenezwa, na fedha ndogo ya mkononi ya kununua koki bila barua, akitoa risiti kila mwisho wa wiki kwa halmashauri na nakala kwa kamati ya wachuuzi. Kambi nilizohudumu zilikuwa na mtu wa namna hiyo, na majengo yake mengi yalikuwa ya zamani kuliko mimi. Nimeipeleka hoja hii kwa kamati, na kamati imeipeleka kwa karani wa mji kwa maandishi.

Kwa anayetafuta meza: ghorofa ya chini kodi ni kubwa lakini wateja hawapungui. Ghorofa ya juu inafaa nguo, mashine za kushonea na saluni, ila usichukue chumba chini ya mfereji wa katikati mpaka uhakikishe vikapu vya waya vimewekwa. Tazama dari, kama kuna rangi mpya katika kona moja tu, uliza kwa nini. Na kwa mnunuzi, njoo asubuhi kwa mboga, jioni kwa samaki, upitie lango la nyuma ambako bodaboda hawajazi njia.